Kutoka Tanuri la Mhunzi hadi Kitambuzi cha Gesi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya utando wa oksidi unaotumika kutambua gesi, na kuonyesha kwamba jambo hili, ingawa laitwa geni, halikukikuta Kiswahili kikiwa mikono mitupu.

Katika milima ya Usambara, ambayo mji wa Korogwe uko chini yake, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya uyeyushaji chuma wa Zama za Chuma za Mwanzo. Katika milima jirani ya Upare, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na chuma chao kiliuzwa mbali. Wahunzi wa huko waliyeyusha mchanga mweusi, ambao kwa lugha ya kemia ni oksidi ya chuma. Mkaa ulipopulizwa kwa mivukuto ulitoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo iliipokonya oksidi oksijeni yake, chuma kikabaki pamoja na takataka ziitwazo mavi ya chuma. Chuma hicho kikiachwa mvuani hujitwalia tena oksijeni, nasi husema kimeshika kutu.

Mwaka 1962, huko Japani, Tetsuro Seiyama na wenzake walionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki waweza kutambua gesi. Mwaka huo huo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kifaa cha oksidi ya stani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vifaa vyake vilianza kuuzwa, ili kuonya gesi ya kupikia inapovuja majumbani.

Utando hutengenezwa kwa njia kadhaa. Mojawapo ni kunyunyiza chumvi ya stani iliyoyeyushwa juu ya kioo chenye moto: maji huruka, oksidi hutanda. Kisha utando hupashwa moto, kwa kawaida nyuzi 200 hadi 400 za Selsiasi. Oksijeni ya hewani hujishikiza juu yake na kuzifunga elektroni, hata umeme ukapita kwa shida. Monoksidi ya kaboni ikifika huipokonya oksijeni hiyo, elektroni zikafunguliwa, umeme ukapita kwa wepesi, na kengele ikalia. Tendo ni lile lile la tanurini, ila hapa hutukia usoni mwa utando tu.

Kutokana na historia hiyo, yafaa mfasiri atofautishe maneno yafuatayo:

Oksidi na kutu. Kutu ya chuma ni oksidi, lakini si kila oksidi ni kutu. Kutu hula chuma. Utando huu hutengenezwa kwa makusudi.

Stani na bati. Kwa mwananchi, bati ni la kuezekea, nalo ni chuma kilichopakwa zinki. Mwalimu akisema “oksidi ya bati”, mwanafunzi atatazama paa.

Utando na filamu. Filamu imekwisha kumilikiwa na picha. Utando watokana na kutanda, na kila aliyeacha maziwa yapoe kikombeni anaufahamu.

Kitambuzi na kipimo. Kipimo hutoa kiasi. Kitambuzi huarifu kuwapo kwa kitu. Si kila kitambuzi ni kipimo.

Monoksidi ya kaboni na “gesi ya moshi”. Hapa kosa la istilahi laweza kuua. Handeni ni miongoni mwa wilaya zinazochoma mkaa, na jiko la mkaa liko katika nyumba nyingi nchini. Mtu akisoma onyo la “gesi ya moshi” atangoja moshi uishe, mkaa uwe mwekundu, kisha aliingize jiko chumbani na kufunga madirisha. Kumbe gesi hii haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu huitoa. Twapendekeza iandikwe “monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu ya mkaa isiyoonekana wala kunukia”. Maelezo ni marefu, lakini katika onyo urefu si dhambi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi ni sehemu ya wajibu wake. Wajibu huo haukomi kwenye orodha ya maneno. Istilahi husanifiwa ili mchoma mkaa wa Handeni na mwalimu wa Korogwe, wakitamka neno moja, wawe wanazungumzia kitu kimoja.