Gereji Bubu na Masikio Yake



Kwa miezi minne gari langu lilikuwa likilia. Ni Subaru Impreza ya mwaka 1998, yenye injini ya turbo, iliyotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa nchini na kupita mikononi mwa watu wawili watatu. Wanafunzi wangu wakiiona kwenye maegesho hutabasamu, kwani kwao gari la namna hiyo ni la vijana wapenda mbio, si la mhadhiri wa historia aliyeanza kuota mvi. Sina utetezi. Mwaka 1997, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nilisikia redioni kwamba Colin McRae ameshinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Impreza. Nilipokuja kupata uwezo miaka mingi baadaye, sikununua gari la busara.

Mlio wenyewe ulikuwa mvumo mzito, kama wa nyuki ndani ya mzinga. Ulianza mwendo ukikaribia kilomita 70 kwa saa, ukakolea kufikia 90, kisha ukafifia.

Napenda kulihudumia gari langu mwenyewe, nyumbani. Nina jeki, stuli nne za chuma za kulishikilia, seti ya spana, na kanuni chache nilizojifunza kwa gharama. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kabla ya kumwaga oili ya difu, hakikisha kwanza kizibo cha kujazia kinafunguka, usije ukabaki na difu tupu usiyoweza kuijaza. Na kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, matairi yote yawe ya kipimo kimoja na yawe yamelika sawasawa, vinginevyo difu ya kati haitapata pumziko hadi iharibike.

Basi nikafanya utafiti wangu. Mvumo ulitoka nyuma, gari lina umri mkubwa, na nilikuwa nimesoma kwamba meno ya difu yakilika huvuma. Nikahitimisha: ni difu ya nyuma. Nilipomwaga oili yake, isiyofika hata lita moja, ilitoka safi. Kwenye sumaku ya kizibo palikuwa na ungaunga mwembamba tu wa chuma, jambo la kawaida kwa gari la umri huo. Huo ulikuwa ushahidi dhidi ya hoja yangu, nami niliupuuza. Nikanunua difu nyingine iliyotumika, nikaifunga kwa Jumamosi mbili, nikaingia barabarani. Kwenye kilomita 70 nyuki walikuwa wangali mzingani.

Nimewahi kumrudishia mwanafunzi tasnifu yake kwa kosa hilohilo: alikuwa na jibu kabla hajaziuliza nyaraka zake.

Ndipo nikaenda kwa Fundi. Yeye hufanya kazi chini ya mwarobaini, kando ya barabara ya mtaa mmoja wa Dar es Salaam, mahali ambapo hapana kibao wala ukuta. Umri wake unakaribia miaka sabini. Nilimwamkia, akaitikia, kisha hakufungua boneti wala hakuchukua spana. Aliuliza.

“Mwalimu, ukikata kona mlio hubadilika?”

“Haubadiliki.”

“Ukikanyaga mafuta, kisha ukaachia?”

“Ni uleule. Unafuata mwendo tu.”

“Unausikia masikioni, au kwenye kiti?”

Nikafikiri kidogo. “Kwenye kiti, Fundi.”

Akanieleza kwa utulivu wa mtu aliyefundisha wengi. Beringi ya gurudumu hubadili sauti kwenye kona, kwa sababu uzito wa gari huhamia upande mmoja. Difu husema hivi unapokanyaga mafuta na vile unapoachia, kwa kuwa meno yake hugusana upande mmoja na kisha upande wa pili. Joint ya ekseli ya mbele hugonga kakaka ukikata kona kali kwa mwendo mdogo. Mlio wangu haukujali kona wala mafuta. “Huo ni wa propela shafti,” akasema. “Na gari hili shafti yake ni vipande viwili. Katikati kuna beringi.”

Tukaliinua gari kwenye stuli zote nne, injini imezimwa, gia imetolewa. Kijana wake akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, naye Fundi akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kikombe cha beringi na mpini wake sikioni. Kisha akanipa na mimi nisikilize. Nilisikia mchanga ukisagwa. Kabla ya kuishusha shafti alitia alama kwa rangi kwenye maungio yake, ili irudi vilevile ilivyokuwa na isije ikatikisika. Mpira ulioshika beringi ulikuwa umepasuka pande mbili. Beringi mpya ilinigharimu chini ya robo ya fedha niliyotupa kwenye difu.

Njiani nikirudi nyumbani kwa gari lililonyamaza, nilijiuliza swali la kazi yangu: ujuzi huu umetoka wapi, na kwa nini haumo katika vitabu tunavyofundishia?

Historia ya gari katika nchi yetu ni historia ya matengenezo tangu siku yake ya kwanza. Mnamo Agosti 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa maalumu na kiwanda cha Gaggenau, akikusudia kulivuka bara hadi pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, Mei 1909. Safari hiyo iliyochukua karibu miaka miwili aghalabu husimuliwa kama ushindi wa mtu mmoja na mashine yake. Lakini gari liliharibika mara kwa mara, likakaa likingoja vipuri kutoka Ujerumani, na mahali pengi lilivutwa na kusukumwa na watu ambao simulizi haliwataji kwa majina.

Chini ya Waingereza mpangilio wa karakana ulifuata mpangilio wa dola. Mzungu alikuwa mhandisi au msimamizi, Mwasia alikuwa fundi au mwenye duka la spea, Mwafrika alikuwa mshika spana, utingo au mwosha gari. Mishahara ilifuata ngazi hizohizo. Lakini spana haiulizi rangi ya mkono. Aliyekuwa akilala chini ya gari kila siku ndiye aliyejifunza lugha yake, ingawa kwenye karatasi aliandikwa kibarua.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari Rally, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi madereva wa ng’ambo walikuja na magari ya viwanda vyao wakashindwa na wenyeji. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola aliposhinda na Ford Escort, hakuna dereva kutoka ng’ambo aliyekuwa amelitwaa taji hilo. Maelezo ya kawaida ni kwamba wenyeji walizijua barabara. Ni kweli, lakini pia walijua gari husema nini kabla halijavunjika. Orodha za washindi hutupa jina la dereva na la msoma ramani. Aliyebadilisha springi kwa mwanga wa tochi hana mstari wake.

Baada ya Uhuru tulitaraji ngazi ile ingevunjwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutukuza mkono unaofanya kazi, na karakana za mashirika ya umma zilifundisha vijana wengi, Fundi wangu akiwa mmoja wao. Kisha zikaja nyakati ngumu: mafuta yakapanda bei mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Spea zilikuwa hazipatikani. Fundi anakumbuka walivyochonga bushi kutoka kwenye mpira wa tairi kuukuu, wakakata gasketi kutoka kwenye maboksi, wakavua vifaa kwenye basi lililokufa ili mengine mawili yatembee. Anasema kipindi hicho ndicho kilichomfundisha kusikiliza. Ukiwa na beringi moja tu kwa mwezi mzima, huwezi kubahatisha inakotakiwa.

Hapo napata aibu. Mimi nilibahatisha kwa sababu difu zilikuwa zimejaa dukani.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika muongo uliofuata magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Wakati huohuo mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa au kubinafsishwa. Fundi akapunguzwa kazini. Alitoka na sanduku la spana na ujuzi wa karibu miaka ishirini, bila cheti. Serikali iliyokuwa imemfundisha haikuwa na kumbukumbu kwamba imemfundisha. Akaenda chini ya mwarobaini, na mahali pale pakapata jina ambalo maofisa wetu hulitumia kila siku bila kulifikiri: gereji bubu.

Tulitafakari jina hilo. Lina maana ya gereji isiyosajiliwa, isiyo na kibao. Lakini bubu ni asiyesema. Kwa kumwita hivyo mtu aliyeisikia beringi ambayo mimi, mwenye shahada ya uzamivu, sikuisikia, tunajifichua sisi wenyewe. Lugha yetu ilikuwa na hekima zaidi. Fundi, mkufunzi na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja, yote yanahusu kufunda na kufunzwa. Sisi ndio tuliowatenganisha, mmoja tukampa ukumbi wa mihadhara na mwingine tukamwacha barabarani.

Sitaki kumpamba Fundi kuliko anavyostahili. Chini ya mwarobaini ule oili chafu humwagwa ardhini. Wako mafundi wanaobadilisha kifaa kizima kwa kingine kibovu na kukulipisha. Vijana hufanya kazi bila viatu vya usalama, na sijawahi kumwona binti pale akishika spana. Mamlaka inayosema kwamba gereji haiwezi kuwa juu ya mtaro haikosei. Inakosea inapodhani kwamba kuhamisha gereji ni sawa na kuhamisha vyuma chakavu.

Siku ya kulipa, Fundi alikataa fedha ya ushauri, akachukua ya kazi tu. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. “Nisomee hii vizuri, Mwalimu. Miwani yangu imevunjika, na kijana amenisomea harakaharaka.” Ilikuwa notisi. Waliotajwa kuwa “wamiliki wa gereji bubu” wa eneo lile walipewa siku 30 kuondoka. Haikusema waende wapi. Nilimsomea mara mbili, polepole. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Hapo wameandika sisi ni bubu?” Nikamwambia ndivyo walivyoandika. “Basi na waje wanisikilize. Mimi nimewasikilizia magari yao miaka yote.”

Kati ya wasomaji wa makala haya wapo watumishi wa umma. Kwao nina hoja moja. Tunayo mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Utaratibu huo utangulie notisi. Mtathmini aende kwanza chini ya mwarobaini, amwone Fundi akifanya kazi, ampe cheti chake, ndipo apewe eneo lenye sakafu na pipa la oili chafu. Ukianza na kuwaondoa, mafundi watatawanyika, na vijana watano wanaojifunza pale watakuwa madereva wa bodaboda kabla ya mwisho wa mwaka. Ujuzi wa miaka hamsini hautaonekana katika ripoti ya hasara, kwa sababu haukuwahi kuandikwa katika ripoti ya mali.

Kwa wanafunzi wangu nina kazi. Mnaotafuta mada za tasnifu mkilalamika kwamba nyaraka zimekwisha, nendeni mkaketi gerejini. Ulizeni nani alimfundisha nani, katika karakana ipi, kwa spea zipi. Mzee mmoja akifariki kabla hatujamuuliza, hakuna hifadhi ya nyaraka itakayolijaza pengo lake.

Nami nimeanza na lililo karibu. Nimeandika barua kwa niaba ya Fundi na wenzake saba, tukiomba wapewe muda na eneo mbadala, na nimeiambatanisha na orodha ya majina yao, miaka yao kazini na karakana walikofunzwa. Kuipata orodha hiyo kulinichukua jioni tatu. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Ninapoandika haya, zimebaki siku tisa.