Mbawakawa wa ardhini wa Ituri

Mbawakawa wa ardhini (familia ya Carabidae) ni wadudu ambao wengi wao huwinda usiku, wakikimbia chini ya magogo na majani makavu. Spishi takriban 40,000 zimekwisha kupewa majina duniani. Katika misitu ya Ituri, magharibi mwa Bunia, Herbert Lang na James Chapin walipita kati ya 1909 na 1915 wakikusanyia makumbusho ya New York wanyama na wadudu. Baadaye Louis Burgeon, kisha Pierre Basilewsky, walichambua mbawakawa wa Kongo huko Tervuren, Ubelgiji.

Kumnasa mbawakawa si kazi: kikombe hufukiwa mdomo ukilingana na udongo, naye hutumbukia mwenyewe. Kazi ni kumtambua. Spishi mbili zaweza kufanana rangi, michirizi ya mabawa, hata vinyweleo vya juu ya macho. Hapo dume hupasuliwa, kiungo chake cha uzazi kikatazamwa kwa hadubini. Jina jipya hufungwa kwenye sampuli moja, holotipu, iliyochomwa pini pamoja na kikaratasi cha mahali na tarehe. Kikaratasi cha zamani kinachosema "Kibali-Ituri" tu hakisaidii sana: eneo hilo lilikuwa kubwa kuliko Rwanda maradufu.