Sahani za Domesday: Kuhifadhi Maandishi au Kuhifadhi Usomaji?

Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza, ardhi, mifugo na watu wa sehemu kubwa ya Uingereza viliorodheshwa kwa Kilatini juu ya ngozi. Kitabu hicho, Domesday, kingali kinasomeka. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 yake, shirika la utangazaji la BBC lilitoa Domesday mpya katika sahani mbili za leza zenye upana wa sentimita 30. Watu wapatao milioni moja walichangia, wengi wao wanafunzi, kila shule ikieleza maisha ya eneo lake la kilomita 4 kwa 3. Lakini sahani zilihitaji kompyuta ya BBC Master na mashine maalumu ya Philips. Mashine zilipoacha kutengenezwa, sahani zikawa karibu na ububu kabla hazijatimiza miaka 20.

Hapa ndipo mwanahistoria anapopaswa kujiuliza: tunahifadhi nini hasa? Mwaka 1999 Jeff Rothenberg alitetea uigaji, yaani programu inayoifanya kompyuta mpya itende kama ile ya zamani, ili hati isomwe kwa programu yake yenyewe. David Bearman alimpinga mwaka huohuo: cha kuhifadhiwa, alisema, ni ushahidi uliomo katika hati, si utendaji wa mitambo. Hoja yake ina uzito kwa barua za ofisi. Kwa Domesday mpya naiona pungufu, maana mojawapo ya sahani zile ilikuwa na jumba la picha ambalo msomaji alilipita chumba kwa chumba. Ukiondoa mwendo huo, umeondoa sehemu ya kile kilichosemwa. (Historia ya Elisabethville aliyoiandika André Yav mwaka 1965 haina taabu hiyo: iko juu ya karatasi, nayo yadai macho na lugha tu.)

Wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan, katika mradi wa CAMiLEON, walinakili data na picha kutoka kwenye sahani, kisha wakapanua programu iliyokwisha kuwapo ya kuiga kompyuta za BBC, hadi ikaiga pia kisomeo cha sahani. Desemba 2002 walionyesha mfumo mzima ukifanya kazi upya.

Hata hivyo umma haukufunguliwa mlango. Haki za wachangiaji wengi kiasi kile, pamoja na haki za programu zenyewe, zilikuwa fundo gumu kuliko ufundi. Mwaka 2011 BBC iliweka kwenye intaneti maandishi na picha za sahani ya jamii peke yake. Tovuti hiyo ilipofungwa mwaka 2018, nakala yake ilibaki katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Aliyeandika akiwa mtoto wa shule aweza kuyakuta maneno yake humo. Jumba la picha halimo.