Nani Aruhusiwe Kugawa Karata? Miaka ya wachezeshaji wa kasino wa Las Vegas

Tarehe 19 Machi 1931, Gavana Fred Balzar wa Nevada alitia saini sheria iliyohalalisha kamari katika jimbo lake. Leseni ya kwanza katika mji wa Las Vegas ilikwenda kwa mwanamke, Mayme Stocker, mwenye Northern Club katika Barabara ya Fremont. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli na mwajiri wake hakupenda watu wake wajiingize katika biashara hiyo, kwa hiyo jina la mke ndilo lililoandikwa kwenye leseni. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, maana katika mji huohuo wanawake walikuja kuzuiliwa kwa miaka mingi kusimama nyuma ya meza na kugawa karata.

Kazi yenyewe haikuzaliwa Nevada. Karibu kote Marekani kamari ilikuwa marufuku kisheria lakini ikichezwa waziwazi: Steubenville katika Ohio, Newport katika Kentucky, Galveston katika Texas. Dean Martin, kabla dunia haijamjua kama mwimbaji, alifanya kazi ya kugawa karata katika vilabu haramu vya Steubenville, mji alikozaliwa. Mwaka 1950 na 1951 kamati ya Seneta Estes Kefauver ilizunguka nchi nzima kuchunguza uhalifu wa magenge, vikao vyake vikaonyeshwa kwenye televisheni, na vilabu vingi vikafungwa. Waliokuwa wakichezesha humo wakafunga safari kwenda Las Vegas. Ujuzi uliowahatarisha kufungwa jela makwao ukawa ajira halali yenye mshahara na zamu.

Basi kijana ambaye hakuwa na ujuzi huo angeupata wapi? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kujuana. Mjomba, rafiki wa baba, mtu wa mji mmoja na msimamizi wa meza: hao ndio waliofungua mlango. Wengi walianza kwa kulipwa ujira mdogo wakae mezani wacheze kwa fedha za kasino, ili meza isionekane tupu na wapita njia wavutiwe. Saa ambazo hakuna wateja, mtu huyo alisogea upande wa pili akaonyeshwa namna ya kushika karata. Mwanagenzi alianzia kwenye kasino ndogo za Fremont, ambako dau lilikuwa dogo na kosa lilivumilika, akiomba siku moja aitwe kwenye hoteli kubwa za Strip, barabara ya kasino kubwa. Hata alipoiva, bila mtu wa kumtaja hakuitwa.

Nasema kwa uhakika kwamba huu ni ufundi kamili wa mikono na kichwa, na anayeudharau hajautazama kwa karibu. Chukua ruleti. Chipu iliyowekwa juu ya namba hulipwa 35, iliyo kwenye mstari kati ya namba mbili hulipwa 17, ya kwenye kona ya namba nne hulipwa 8. Mpira ukitua, mchezeshaji anakuta chipu zimerundikana: 3 juu ya namba yenyewe, 2 mstarini, 4 konani. Ni 105, na 34, na 32, jumla 171. Anatakiwa kuitamka hesabu hiyo wakati mkono tayari unakata chipu katika mafungu ya kulipa, huku watu wakipiga kelele na mlevi mmoja akitaka kusogeza dau lake kwa kuchelewa. Ndiyo maana wanaojifunza huimba jedwali la 17 na la 35 hadi usingizini. Meza ya dadu, wanayoiita krapsi, ni ngumu zaidi: wachezeshaji watatu na msimamizi aliyeketi hufanya kazi kwa pamoja, na kila dau lina malipo yake, 7 kwa 6 hapa, 9 kwa 5 pale.

Halafu kuna taratibu za uaminifu. Noti ya mteja hutandazwa mezani ionekane, hutajwa kwa sauti, ndipo isukumwe kwenye kisanduku. Mchezeshaji huvaa aproni inayofunika mifuko. Akiondoka mezani hupiga makofi mara moja na kugeuza viganja juu, kuonyesha kwamba hakuna chipu iliyofichwa. Zamani, kabla ya kamera, wapo watu waliotembea kwenye vijia juu ya dari wakichungulia chini kupitia vioo.

Mikono ya namna hiyo haina jinsia wala rangi. Harolds Club ya Reno, mji mwingine wa Nevada, iliyofunguliwa mwaka 1935, ilikuwa imewaweka wanawake mezani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na wateja wakaipenda. Las Vegas ilikataa. Mwaka 1958 halmashauri ya mji ilipitisha azimio la kuwazuia wanawake wasichezeshe, na kwenye Strip milango ilibaki imefungwa hadi miaka ya 1970. Hoja ilikuwa kwamba wanaume wana familia za kulisha. Wajane na akina mama waliolea watoto peke yao katika mji huo hawakuulizwa.

Kwa watu weusi hali ilikuwa mbaya zaidi. Sammy Davis Jr. na Nat King Cole walijaza kumbi za Strip, kisha usiku wakaenda kulala ng'ambo ya reli, mtaa wa Westside. Ndani ya hoteli hizo Mweusi angeweza kufagia, kuosha vyombo, kubeba mizigo. Kugawa karata, hapana. Aliyetaka kazi hiyo aliipata kwenye vilabu vya Westside. Tarehe 24 Mei 1955 ilifunguliwa Moulin Rouge, hoteli na kasino ya kwanza mjini humo iliyopokea watu wa rangi zote. Bingwa wa ndondi Joe Louis alikuwa akipokea wageni mlangoni, na Weusi walisimama nyuma ya meza zenye hadhi. Kabla ya mwaka kwisha ikafungwa.

Machi 1960, daktari wa meno James McMillan, kiongozi wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alitishia maandamano katikati ya Strip. Tarehe 26, katika jengo hilohilo la Moulin Rouge, wakubwa wa mji walikubali kuwahudumia wateja weusi. Mteja mweusi aliweza sasa kukaa mezani, lakini ndugu yake hakuweza kumgawia karata. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikataza ubaguzi kazini, ila hoteli ziliburuta miguu mpaka kesi ilipofika mahakama ya shirikisho. Mwaka 1971 hoteli na vyama vya wafanyakazi vilisaini makubaliano mbele ya jaji ya kuajiri Weusi katika kazi zilizokuwa zimefungwa. Wanawake walipata makubaliano yao mwaka 1981.

Kilichosaidia pia ni shule. Mchango mkubwa ulitoka Atlantic City, ambako wapiga kura wa New Jersey waliruhusu kasino mwaka 1976 na Resorts International ikafunguliwa tarehe 26 Mei 1978. Huko hakukuwa na wajomba wa kumtaja mtu. Maelfu ya wachezeshaji walihitajika kwa mara moja, na jimbo likadai wafundishwe katika shule zilizoidhinishwa, kila mchezo na saa zake, kisha wapewe leseni. Binti wa mpishi na kijana aliyekuwa akiuza viatu waliketi darasa moja wakichanga karata. Naamini utaratibu huo ulifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuifanya: ulikata kujuana kwa kuweka kipimo ambacho kila mtu alikiona.

Las Vegas nayo ina shule zake leo. Mwanafunzi hulipa ada, hujifunza blakjeki kwa wiki kadhaa, huongeza ruleti au bakara, kisha huzunguka kasino kuomba majaribio. Huitwa kwenye meza halisi yenye wateja halisi, akagawa kwa dakika chache huku msimamizi akitazama vidole vyake. Kazi ya kwanza mara nyingi ni ya zamu za usiku na siku za sikukuu, kwa mshahara wa kima cha chini.

Anachoishi nacho hasa ni bakshishi. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa iliamua kwamba bakshishi za wachezeshaji si zawadi bali ni kipato cha kutozwa kodi. Mwaka 2006 Wynn Las Vegas iliamua wasimamizi nao wagawiwe kutoka chungu cha bakshishi za wachezeshaji. Wachezeshaji wa hapo, ambao tofauti na wapishi na wasafisha vyumba hawakuwa na mazoea ya chama, walipiga kura mwaka 2007 wakajiunga na chama cha wafanyakazi wa usafirishaji. Kesi zilipanda ngazi mahakamani kwa miaka, na mwaka 2018 Bunge la Marekani likatunga sheria inayokataza mwajiri kuchukua bakshishi za wafanyakazi wake au kuwapa wasimamizi sehemu yake.