Shilingi 100 kwa Mwezi

Tangu mwaka 1949, mwanamke wa Tanzania Bara aliyezaa nje ya ndoa na kukimbiwa na mwanamume aliweza kwenda mahakamani kumdai baba wa mtoto matunzo. Sheria iliyompa haki hiyo, Sura ya 278 ya sheria za nchi, ilivuka uhuru, ikavuka Azimio la Arusha na soko huria, ikaingia karne ya 21 ikiwa imebeba ukomo wake: hakimu asiamuru zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Ukomo huo umezoeleka kutajwa kama kichekesho, ushahidi wa Bunge lililosahau kupitia makabrasha yake. Mimi naona usahaulifu peke yake hautoshi kuueleza. Kiasi kile kilidumu kwa sababu sheria haikuwa ikipima mahitaji ya mtoto. Ilikuwa ikipima kosa la baba, na adhabu ya kosa huwekewa kikomo.

Tuanze na thamani yenyewe, maana shilingi 100 haikuwa mzaha siku zote. Kima cha chini cha mshahara kilipowekwa Dar es Salaam mwaka 1963, kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, 20 zilitosha kubadilishwa kwa pauni moja ya Uingereza, kwa hiyo mia ilikuwa pauni tano kamili. Mama aliyepata kiasi hicho chote miaka ile alikuwa na theluthi mbili za ujira wa kibarua wa mjini. Kisha ikaja miaka ya 1980, shilingi ikaporomoka, na kufikia mwaka 2009 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa shilingi takriban 1,300. Hakuna aliyefuta haki ya mtoto. Iliachwa iliwe na mfumuko wa bei. Haki ikifutwa bungeni, watu watalalamika. Ikioza ndani ya tarakimu haimshtui mtu, isipokuwa yule anayesimama mbele ya karani kupokea pesa isiyonunua hata soda.

Anayedhani kwamba watunga sheria hawakujua njia nyingine asome Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Humo baba anatakiwa kuwatunza watoto wake kwa kadiri ya uwezo na hadhi yake, bila tarakimu yoyote, na mahakama inaweza kubadilisha amri yake hali ya wahusika inapobadilika. Kwa karibu miaka 40, basi, nchi ilikuwa na vipimo viwili. Mtoto wa ndoa alipimiwa kwa mfuko wa baba yake, na kipimo hicho kilipanda pamoja na mshahara. Wa nje ya ndoa alipimiwa kwa tarakimu iliyoganda. Hata katika mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 mia hiyo ilikuwamo: mwanamume aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100 karibu na wakati wa kumwachisha ziwa. Hapo malipo yalikuwa ya mara moja na yalikwenda kwa babu. Katika Sura ya 278 yalikuwa ya kila mwezi na yalikwenda kwa mama. Mlipwaji alibadilika, mtoto mwenyewe hakuulizwa gharama zake popote.

Watetezi wa ukomo walikuwa na hoja, na si ya kupuuzwa. Walisema bila kikomo wasichana wangegeuza mimba kuwa mtaji, na kwamba kumburuza mwanamume mahakamani kwa jambo hilo ni desturi ya Kiingereza. Kenya iliifuata hoja hiyo hadi mwisho wake. Sheria yao ya mwaka 1959 iliyofanana na yetu ilifutwa mwaka 1969, ingawa shirika la Maendeleo ya Wanawake lilipinga, na waliopiga kura katika Bunge lile walikuwa wanaume watupu. Mzigo ukabaki kwa mama. Hata Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimtanguliza yeye pale wazazi wasipooana, mpaka Katiba ya mwaka 2010 iliposema wajibu ni wa wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Kuhusu ugeni wa jambo lenyewe, ile mia ya kwa babu inatosha kuonyesha kwamba kumtoza mwanamume hakukuletwa na meli.

Huku Tanzania, Tume ya Kurekebisha Sheria ilitoa taarifa yake kuhusu sheria za watoto mwaka 1994. Bunge lilichukua miaka 15 zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta Sura ya 278 na kumtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Wapo wanaolalamika kwamba uhuru huo wa hakimu umezaa bahati nasibu: mahakama mbili, watoto wawili wenye hali moja, viwango viwili. Ni kweli. Wanapendekeza kanuni kama ya Uingereza, ambako mzazi wa mtoto mmoja hukatwa asilimia 12 ya kipato chake, wa wawili 16. Lakini kanuni ile inasimama juu ya kumbukumbu za kodi. Asilimia 12 ya kipato cha dereva wa bodaboda, au cha mkulima wa korosho anayesubiri mnada, ataijua nani? Kwa mwajiriwa ingefaa, na sioni sababu ya kuikataa kwake.

Kigumu zaidi ni kukaza amri. Mshahara waweza kuzuiwa na mali kukamatwa, lakini asiye na mshahara wala anwani hakamatiki kwa urahisi, ndiyo maana mashauri mengi huishia kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa makubaliano yanayotegemea hiari ya yule yule aliyekwishakimbia. Aprili 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipowaita wanawake waliotelekezewa watoto, walifika kwa maelfu, wengi na watoto mgongoni, wakati sheria mpya ilikuwa na umri wa miaka minane. Na ugonjwa wa zamani haujapona wote. Amri ya leo ya shilingi 50,000 haipandi yenyewe bei ya unga inapopanda. Ni lazima mama arudi mahakamani kuomba ibadilishwe, kwa nauli yake na kwa siku zake za kazi. Kuiunganisha na mfumuko wa bei kila mwaka kungehitaji kifungu kimoja tu.