Fuko wa Nchi Kame na Bakteria wa Tumboni Mwake

Nchi kame ya Gotu, kando ya Ewaso Nyiro katika Kaunti ya Isiolo, imo ndani ya eneo anakoishi fuko uchi, mnyama anayepatikana kaskazini na mashariki mwa Kenya, Ethiopia na Somalia. Kumwona ni bahati. Kinachoonekana ni kilima kidogo cha udongo chenye tundu kileleni, na asubuhi na mapema vumbi likiruka kutoka tunduni humo. Chini, fuko wamejipanga msururu. Wa mbele anaung'ata udongo kwa meno yake yaliyochomoza nje ya midomo, wa kati wanausukuma nyuma, na wa mwisho, aghalabu mwenye mwili mkubwa, anaupiga teke hadi nje.

Mtafiti Mjerumani Eduard Rüppell alimwandika mnyama huyu mwaka 1842, kwa sampuli kutoka Ethiopia. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyemjali sana. Mambo yalibadilika miaka ya 1960, Jennifer Jarvis alipoanza kuwatafiti fuko akiwa Nairobi. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Cape Town, na fuko waliokamatwa Kenya wakafugwa huko. Mwaka 1981 alichapisha katika jarida la Science habari iliyowashangaza wanabiolojia: kundi zima lina jike mmoja tu anayezaa, yaani malkia, na karibu wengine wote ni watumishi wake, kama ilivyo kwa nyuki na mchwa.

Wageni wakamiminika. Robert Brett alifuatilia mashimo ya fuko karibu na Mtito Andei, Stan Braude akaanza kazi ya miaka mingi katika Mbuga ya Taifa ya Meru, jirani na Isiolo, na sampuli za vinasaba zikachukuliwa hadi Lerata, Samburu. Fuko wengi walio katika maabara za Marekani na Ulaya leo ni vizazi vya fuko waliotoka Kenya. Walioondoka, hata hivyo, walibeba kitu ambacho hakikuandikwa kwenye kibali chochote, nacho ni bakteria wa tumboni.

Bakteria hao ndio uhai wa fuko. Chakula chake ni viazi vya porini, vingine vyenye uzito wa makumi ya kilo, ambavyo hutafunwa kwa ndani huku ganda likiachwa ili kiazi kiendelee kukua. Nyuzinyuzi za viazi hivyo ni ngumu, na hakuna mnyama anyonyeshaye anayeweza kuzivunja kwa vimeng'enya vyake mwenyewe. Kazi hiyo hufanyika katika mfuko ulioko pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, ambamo bakteria huchachusha nyuzinyuzi hizo na kuzigeuza kuwa asidi zinazompa fuko nguvu. Shlomo Yahav na Rochelle Buffenstein waliuchunguza mfuko huo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1991 na 1992. Kwangu mimi hizo ndizo tafiti zilizostahili kusomwa zaidi ya zote, lakini dunia ilikuwa imetekwa na habari za malkia.

Na mtoto wa fuko anawapata wapi bakteria hao? Anawaomba. Akikaribia kuachishwa ziwa huwaendea wakubwa na kuwadai mavi, naye hupewa, akala. Fuko wakubwa nao hula mavi yao wenyewe ili chakula kipite tumboni mara ya pili. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mavi ya malkia mwenye mimba hubeba pia homoni, na watumishi wakiyala huanza kuitikia vilio vya watoto ambao si wao. Hivyo malezi ya kundi nayo hupitia njia hiyo kwa sehemu.

Wakati huohuo, panya wa kawaida wa maabara alikuwa akipitia historia iliyo kinyume kabisa na hiyo. Alizalishwa kwa upasuaji, akafugwa ndani ya vyumba vya plastiki visivyo na kijidudu chochote, kisha akapewa bakteria wachache waliochaguliwa. Mseto maarufu ulitengenezwa na Russell Schaedler huko New York katika miaka ya 1960. Usafi huo ulirahisisha majaribio lakini ulikuwa na gharama yake. Mwaka 2019 Stephan Rosshart na wenzake walionyesha kwamba panya aliyezaliwa akiwa na bakteria wa mwituni huitikia dawa kwa namna inayofanana zaidi na binadamu kuliko yule msafi.

Kwa hiyo utafiti wa mwaka 2017 ulioongozwa na Tewodros Debebe una uzito wa pekee, kwa kuwa fuko wake walitoka porini Ethiopia. Matumbo yao yalikuwa na aina nyingi mno za bakteria, wakiwemo wa jamii ambayo kwa kawaida huishi udongoni. Baadhi yao walifanana na wale wanaopatikana kwa wazee waliovuka miaka 100, na wengine na wale wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao nao huchimba viazi vya porini na kuvila. Fuko anaweza kuishi zaidi ya miaka 30 na ni nadra kupata saratani, kwa hiyo swali la tumbo lake si la kujifurahisha tu.

Naliona swali hilo kuwa letu kwanza. Fuko wa maabara amelishwa viazi vitamu, karoti na matufaha kwa vizazi, mbali na udongo wa kwao. Wa Isiolo na Meru bado wanakula kile walichokula mababu zao, na vyuo vikuu vya Kenya viko karibu nao kuliko maabara za Ulaya. Wala hakuna haja ya kumuua hata mmoja. Huko Meru, Braude na wasaidizi wake wamekuwa wakiwakamata fuko, wakiwatia alama na kuwarudisha shimoni, na punje chache za mavi zinatosha kufanyia kazi.