Neno Moja au Mawili: Mifano ya Iringa na Mbeya

Gazeti la Serikali ya Tanganyika lililoanza kutolewa 1923 liliitwa Mambo Leo, maneno mawili. Katika "ukoloni mamboleo" maneno yale yale yamekuwa neno moja, tena sifa isiyofuata ngeli. Kadhalika vitabu vya wakati wa Kamati ya Lugha, iliyoundwa 1930, viliandika "ye yote" na "po pote". Siku hizi huandikwa "yeyote" na "popote". Nafasi iliyo kati ya maneno nayo ina historia yake.

Nyanda za Juu Kusini zina mifano ya kufaa sana. Wahehe wa Iringa walimwita mtawala wao, aliyekufa 1898, Mkwavinyika, maana yake mteka nchi. Ufupisho wake, Mkwava, ndio uliozaa Mkwawa. Katika jina refu ile "a" ya mwisho ya Mkwava imemezwa na "i" inayofuata, wala hapana mahali pa kupitisha kisu. Tosamaganga ni jambo jingine. Wenyeji hulieleza jina hilo kuwa ni kurusha mawe: kitenzi na nomino, kila kimoja kizima. Jicho laweza kuvitenga, lakini sarufi haikubali. Husemwa "Tosamaganga kuna shule", na upatanisho huo ni wa mahali, si wa mawe.

Kwa maneno ya kawaida walimu hutegemea wingi. "Chuo kikuu" huwa "vyuo vikuu": sehemu zote mbili zabadilika, basi ni maneno mawili. "Mwanafunzi" huwa "wanafunzi": mwanzo tu wabadilika, basi ni moja. Kipimo hiki ni chema mpaka kifike Rungwe, mkoani Mbeya, ambako bwana shamba hukagua chai. Wingi wake ni "mabwana shamba". Sehemu ya pili haikutikisika, na bado huandikwa mbali. Mwalimu amkosoaye mtoto kwa "bwanashamba" hana hoja ila desturi.

Kipimo chashindwa kwa upande wa pili pia. Chukua "mwanakijiji", yaani mkazi wa kijiji. Watu wa kijiji kimoja ni "wanakijiji". Wa vijiji vingi, wengine huwaita "wanavijiji". Hapo sehemu zote mbili zimebadilika, sawasawa na "vyuo vikuu", na neno limebaki moja.